Nywila Bilioni 16, Miswaki Milioni 3: Habari za Usalama wa Mtandao Zinapokosea Anwani

Mwezi Juni 2025 dunia ilitangaziwa kwamba nywila bilioni 16 zimevuja. Kama ulikuwa kwenye kundi lolote la WhatsApp wakati ule, liwe la darasa, la ukoo au la kwaya, huenda tangazo lilikufikia: Apple, Google na Facebook zimetajwa kwa mpigo, na chini yake amri ya kubadili nywila zako zote leo hii kabla hujalala. Siku chache baadaye habari ikapoa. Watu wakarudi kwenye shughuli zao, wachache wakiwa wamebadili nywila, wengine wakiwa wamesema "sasa mimi nitafanyaje?" na kuachia hapo.

Blogu hii inaishi kwa kutaka watu wasome habari za sayansi na teknolojia, kwa hiyo hatuna sababu ya kuwacheka wanaoziandika. Lakini tuna hoja moja ya kuwaambia. Habari ya usalama ikikosea kusema tatizo liko wapi, ushauri unaokuja nayo nao unakosea, na anayeumia ni yule msomaji mtiifu aliyeufuata. Tutaichambua habari ya bilioni 16 kwa kirefu, kisha tutaangalia nyingine mbili za mwaka 2024 zilizougua ugonjwa unaofanana.

Bilioni 16 za nini?

Tuanze na hesabu ya kawaida kabisa. Watu duniani ni bilioni 8 na ushee. Wanaotumia intaneti ni kama bilioni 6. Ukigawa bilioni 16 kwa hao, kila mtumiaji wa intaneti anapata karibu nywila tatu zilizoibwa, akiwemo mjomba wako ambaye kazi yake mtandaoni ni kuangalia matokeo ya mpira tu. Namba kama hiyo ilitakiwa imsimamishe mhariri yeyote kabla hajabonyeza kitufe cha kuchapisha, aulize: zilihesabiwaje?

Jibu lilikuwemo ndani ya taarifa yenyewe. Habari ilitolewa na Cybernews, tovuti yenye makao yake Lithuania. Watafiti wake walisema wamekuta mafungu 30 ya data yaliyoachwa wazi mtandaoni kwa muda mfupi. Fungu dogo lilikuwa na makumi ya mamilioni ya mistari, kubwa kuliko yote lilizidi bilioni 3.5. Wakajumlisha, ikatoka 16. Tatizo ni kwamba mistari hiyo inajirudia kati ya fungu na fungu, na haikujulikana ni watu wangapi hasa waliomo. Ni sawa na kuchukua karatasi za mahudhurio za kila somo chuoni, kuhesabu majina yote, kisha kutangaza kwamba chuo kina wanafunzi mara nane ya waliopo. Kila jina ni la kweli. Jumla ndiyo haina maana.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la hesabu. Vichwa vya habari vilizitaja Apple, Google na Facebook kana kwamba kampuni hizo zimevunjiwa ghala. Hazikuvunjiwa. Bob Diachenko, mtafiti aliyehusika na ugunduzi huo, alifafanua mwenyewe kwamba hapakuwa na uvunjaji wa mfumo mkuu wa kampuni yoyote kati ya hizo. Kilichokuwemo kwenye mafungu ni anwani za kurasa zao za kuingilia, pamoja na majina na nywila za watu. Tovuti ya BleepingComputer nayo iliandika siku zile zile kwamba huu si uvujaji mpya. Lakini ufafanuzi ulikwenda kwa miguu wakati kosa limeshapanda ndege.

Basi zile nywila zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye kompyuta za watu wa kawaida, moja baada ya nyingine, kupitia programu hasidi za kuiba taarifa. Tueleze zinavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo habari ilipotakiwa kuanzia.

Programu ya aina hii haikai kwenye kompyuta ili iiharibu. Inaingia, inapekua kivinjari, inachota nywila zote ulizokiambia "zihifadhi", inachota pia vidakuzi, inapiga picha ya skrini, inafunga vyote kwenye faili moja na kumtumia mwenye nayo. Dakika chache zinatosha. Faili hiyo inauzwa au inagawiwa bure kwenye makundi ya Telegram, na kila mstari wake una mambo matatu: anwani ya ukurasa, jina la mtumiaji, nywila. Ndiyo maana jina la Google linaonekana kwenye fungu: wewe ndiye uliyekuwa unaingia Google, na kompyuta yako ndiyo iliyosema.

Inaingiaje? Njia mojawapo inayojulikana sana ni programu zilizovunjwa leseni. Aliyewahi kukaa hosteli anaifahamu ile flashi inayozunguka vyumbani. Ina Office, ina programu ya takwimu, ina ya kuhariri video, na kila moja imekuja na kifaili cha kufungulia leseni pamoja na maelekezo yanayoanza hivi: kwanza zima antivairasi. Tunazima. Bei halisi ya programu hizo ni kubwa kuliko kodi ya chumba, kwa hiyo hatumhukumu mtu. Ila tujue tunachofanya: tumemwambia mlinzi aende akanywe chai, kisha tumemkaribisha ndani mtu tusiyemjua.

Ushauri uliokosea mlango

Sasa rudi kwenye ule ushauri: "Badili nywila zako zote sasa hivi." Unasikika kama busara. Lakini fikiria mwanafunzi ambaye kompyuta yake ina hiyo programu ya wizi. Anaogopa, anafungua kivinjari kile kile, anabadili nywila ya barua pepe, ya benki, ya mfumo wa chuo. Kivinjari kinamuuliza kama akihifadhie, anakubali. Programu ikipekua tena, inachukua nywila zote mpya, mbichi kabisa. Amefanya kila alichoambiwa na sasa yuko pabaya zaidi, kwa sababu anaamini amepona.

Utaratibu sahihi unaanza na kifaa. Kama una sababu ya kuhofia kompyuta yako, chukua kwanza kifaa kingine unachokiamini, kwa mfano simu yako isiyo na programu za kuokotaokota. Badilia nywila huko, ukianza na ya barua pepe, maana ndiyo inayofungua nyingine zote. Kisha kompyuta ile isafishwe, na mara nyingi dawa ya uhakika ni kuhifadhi nyaraka zako pembeni na kuweka mfumo upya, tena usitoke kwenye flashi ile ile.

Hatua inayofuata huwa haitajwi kabisa: toka kwenye vifaa vyote. Kidakuzi ni kama stempu unayopigwa mkononi mlangoni kwenye tamasha. Ukiwa nayo, ukitoka na kurudi huulizwi tiketi. Mwizi mwenye kidakuzi chako anaweza kuingia bila nywila, na hata bila ule ujumbe wa uthibitisho wa hatua mbili, kwa sababu mfumo unadhani ni wewe uliyeingia jana. Ukibonyeza "toka kwenye vifaa vyote", stempu zote zinafutwa. Baada ya hapo ndipo uweke uthibitisho wa hatua mbili, na uwe na nywila tofauti kwa kila akaunti muhimu.

Hayo yote yanatosha aya mbili. Yangeweza kuwekwa kwenye habari ya Juni bila kupunguza mvuto wake. Hayakuwekwa kwa sababu habari iliyoelekeza kidole kwa Google haiwezi kukwambia usafishe kompyuta yako.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Mei 2025, kulikuwa na habari ya kweli kuhusu jambo hili hili. Microsoft, pamoja na vyombo vya sheria vya Marekani na Ulaya na washirika wa Japani, walivuruga mtandao wa Lumma, moja ya programu za wizi wa taarifa zilizoenea zaidi. Microsoft ilisema imetambua zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows zilizoambukizwa duniani kati ya Machi 16 na Mei 16. Hii ni namba yenye mwili: ni kompyuta, si mistari, ina tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na aliyehesabu anajulikana. Kwenye makundi ya WhatsApp haikufika popote. 394,000 haina ubavu wa kushindana na bilioni 16, hata kama ndiyo inayokueleza ugonjwa ulipo.

Miswaki na namba ndogo

Habari ya pili ni ya Februari 2024, nayo inachekesha hadi uitazame vizuri. Magazeti ya nchi mbalimbali yaliandika kwamba miswaki milioni 3 ya umeme imetekwa na wadukuzi na kutumiwa kuishambulia tovuti ya kampuni moja ya Uswisi, ikalala kwa saa nne. Chanzo kilikuwa gazeti la Uswisi, Aargauer Zeitung, lililokuwa limezungumza na wataalamu wa kampuni ya usalama ya Fortinet.

Wahandisi walipoanza kuuliza maswali, habari ikayeyuka. Tovuti gani? Haikutajwa. Miswaki ya kampuni gani? Haikutajwa. Tena miswaki ya umeme kwa kawaida huongea na simu yako kwa Bluetooth, haina njia yake ya kwenda kwenye intaneti. Fortinet ikatoa tamko kwamba ulikuwa mfano tu uliotolewa kwenye mahojiano, na kwamba katika tafsiri mfano na tukio vilichanganyika. Gazeti likajibu kwamba lilielezwa jambo hilo kama tukio halisi, na kwamba kampuni ilipewa maandishi iyapitie kabla ya kuchapishwa. Tuwaachie wenyewe ugomvi wao. Kinachotuhusu ni kwamba kati ya Uswisi na simu yako habari ilipita kwenye mikono mingi, na kila mkono uliamini kwamba mkono uliotangulia umeshauliza.

Cha kusikitisha ni kwamba kisa cha kweli cha namna hiyo kipo. Tarehe 21 Oktoba 2016, kirusi kiitwacho Mirai kilitumia jeshi la kamera za ulinzi na mashine za kurekodia video kuishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikisaidia majina ya tovuti kupatikana, na Twitter, Netflix na nyingine kibao zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Mirai haikuhitaji ufundi wa ajabu. Ilikuwa na orodha ya jozi kama 60 za majina na nywila za kiwandani, zile ambazo mnunuzi huziacha kama zilivyo, na ikawa inagonga milango mpaka ufunguke. Kisa hicho kinakufundisha kitu cha kufanya jioni hii: nenda kaangalie nywila ya kamera ya dukani na ya ruta ya nyumbani, kama bado ni ile iliyobandikwa kiwandani. Kisa cha miswaki kinakufundisha kuogopa mswaki.

Habari ya tatu ni ya Oktoba 2024: wanasayansi wa China wametumia kompyuta ya kwantamu kuvunja usimbaji "wa kiwango cha kijeshi". Utafiti ulikuwepo kweli. Ulifanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Shanghai kwa mashine ya kampuni ya D-Wave, na ulihusu RSA, usimbaji ambao nguvu yake inatokana na ugumu wa kupata vigawo viwili vya namba kubwa sana. Namba waliyoipatia vigawo ilikuwa ya biti 22.

Biti 22 ni kiasi gani? Ni namba isiyofika 4,194,304. Kupata vigawo vyake huhitaji kompyuta ya kwantamu. Huhitaji kompyuta yoyote. Unachukua namba tasa zote zilizo chini ya 2,048, ambazo ziko 309, unaigawa namba yako kwa moja baada ya nyingine, na kimojawapo kitakubali. Mwanafunzi wa sekondari mwenye kikokotoo na subira anaimaliza mchana mmoja. RSA inayotumika kwa kawaida leo ina biti 2,048, yaani namba yenye tarakimu 617, na kutoka tarakimu 7 kwenda 617 si safari ya kutembea mara 88. Ugumu unapanda kwa kasi inayoziacha kompyuta zote zilizopo. Watafiti walikuwa wanajaribu njia mpya, na hilo ni halali yao. Neno "kijeshi" ndilo lililofanya kazi isiyo yake.

Hapa pia palikuwa na habari nzuri iliyokosa wasomaji. Agosti mwaka huo huo, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vya kwanza vya usimbaji unaokusudiwa kuhimili kompyuta za kwantamu za baadaye. Yaani watu wanajua hatari inakuja na wameanza kubadilisha kufuli mapema. Habari ya namna hiyo humpa mwanafunzi wa hisabati sababu ya kuendelea na hisabati.

Neno moja linalobebeshwa mizigo yote

Kwa upande wetu wa Kiswahili kuna kasoro ya nyongeza. Habari hizi zikitufikia, karibu kila kitu kinaitwa "kudukuliwa". Benki ikivunjiwa mfumo, imedukuliwa. Faili likiachwa wazi, limedukuliwa. Kivinjari chako kikichotwa nywila, umedukuliwa. Na mtu aliyepokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma mwenyewe kwa mkono wake, naye anasema amedukuliwa.

Haya ni mambo manne, na lugha yetu inayo maneno yake. Mfumo *umevunjwa*. Data *zimevuja*, kwa sababu mwenye nazo aliacha tundu. Nywila *zimeibwa* kwenye kifaa chako. Mtu *ametapeliwa*. Kila neno linakuonyesha mlango wa kwenda kugonga. Ukivunjwa mfumo wa benki, wa kuulizwa ni benki. Zikivuja data, wa kuulizwa ni aliyezikusanya. Zikiibwa nywila, anza na kifaa. Ukitapeliwa kwa ujumbe wa simu, ukiwa Tanzania unaripoti namba ya tapeli kwenda 15040, na unapiga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiyaita yote udukuzi, mlango unakuwa mmoja na hauna mwenyewe. Mkubwa aliyezembea anajificha humo humo na tapeli wa mtaani, na wewe unabaki kusema mtandao ni mbaya.

Kuna watakaosema: hofu ina faida, angalau watu wanashtuka. Ni kweli kwamba Juni ile wapo walioweka uthibitisho wa hatua mbili kwa mara ya kwanza, na hilo ni jema. Lakini hofu isiyo na anwani ina tabia mbili. Mara ya kwanza inamkimbiza mtu kufanya lolote, hata lisilofaa. Mara ya tano inamchosha, anaanza kuamini kwamba taarifa zake zilishachukuliwa zote na hakuna la kufanya. Huyo wa pili ndiye anayetutia wasiwasi zaidi, kwa sababu siku habari ya kweli itakapokuja, ya benki yake mwenyewe, ataipita kama alivyoipita miswaki.

Hatuwaombi waandishi wawe wahandisi. Maswali manne yanatosha kabla ya kuchapisha, na yanamfaa pia msomaji kabla ya kusambaza. Namba hii imehesabu nini: watu, kompyuta au mistari? Tukio lilitokea wapi, kwa nani, siku gani? Nani ametoa habari, na anauza nini? Na msomaji akimaliza kusoma, afanye jambo gani, kwenye kifaa kipi? Habari ya bilioni 16 ingekwama kwenye la kwanza, miswaki kwenye la pili. La tatu linawahusu wote, maana wanaotoa habari hizi mara nyingi ni kampuni zinazouza kinga, na hilo si kosa, ila msomaji ana haki ya kulijua.

Mara nyingine tangazo la namna hii likitua kwenye kundi lenu, usianze ugomvi na shangazi aliyelileta. Amelileta kwa kuwapenda. Muulize tu, kwa upole, swali la nne. Kama tangazo halina jibu, mwandikie wewe ule utaratibu: kifaa salama kwanza, barua pepe kabla ya nyingine, toka kwenye vifaa vyote, kisha hatua mbili. Na ile flashi ya hosteli, tafadhali, isiendelee na safari.